MWAKA 1998 KATIKA DAFTARI LA KIRANJA WA HABARI

(Hotuba iliyotolewa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Barua ya kunialika ilisema nichague jambo lolote, mradi nisizidishe robo saa. Nimechagua mwaka mmoja, 1998. Nilikuwa kidato cha tatu, na nilikuwa kiranja wa habari. Vijana mliopo sasa hamkijui cheo hicho. Kazi yake ilikuwa kusikiliza redio usiku chumbani kwa mwalimu wa zamu, kwanza Radio Tanzania, kisha Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kuandika katika daftari, na asubuhi kunakili kwa chaki kwenye ubao wa bwaloni. Betri zikichoka tulizianika juani. Ubao ulikuwa na nafasi ya habari tano, au sita ukibana maandishi. Basi kila asubuhi kijana wa miaka kumi na saba ndiye aliyeamua ni yapi yaliyoipata dunia.

Na mwaka ule yaliipata mengi. Uliingia na mvua za El Niño, ambazo zilikuwa zimeanza mwishoni mwa 1997. Barabara zilikatika, na kaskazini mashariki ya Kenya na Somalia ikazuka homa ya Bonde la Ufa, ikaua mifugo na watu. Sisi hapa tulikula ugali kwa mboga za kuchuma wenyewe, maana lori la maharage lilikwama njiani. Mwezi Mei, Ethiopia na Eritrea zikaanza kupigana kwa ajili ya Badme. Tarehe 17 Julai bahari iliwafagia watu zaidi ya 2,000 kaskazini mwa Papua New Guinea. Huko China Mto Yangtze ukafurika, wakafa zaidi ya 3,000. Mwishoni mwa Oktoba kimbunga Mitch kiliipiga Amerika ya Kati, na zaidi ya watu 11,000 wakapoteza maisha, wengi wao Honduras na Nicaragua.

Hayo yote yamo katika daftari. Lakini wenzangu wa mwaka ule, mkiulizwa, mtataja siku moja tu: Ijumaa, tarehe 7 Agosti. Kesho yake ilikuwa Nane Nane, na tulikuwa tunafagia uwanja. Mwalimu wa zamu akatoka mbio na redio mkononi. Mabomu yalikuwa yamelipuka saa nne na nusu hivi asubuhi katika balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam, yakipishana kwa dakika chache. Nairobi walikufa watu 213, na majeruhi walikuwa maelfu. Wengi walipofuka, kwa sababu waliposikia mlipuko mdogo wa kwanza walikimbilia madirishani kutazama, na vioo vikawakuta hapo. Dar es Salaam walikufa 11. Mnakumbuka foleni kwenye simu moja ya ofisini, na mwenzetu mmoja wa bweni letu aliyekuwa na kaka anayefanya kazi Oysterbay, karibu na mtaa wa Laibon. Hakulala mpaka Jumapili, alipopata salamu kwamba kaka yake ni mzima. Nilifuta ubao wote, nikaandika habari hiyo peke yake kwa herufi kubwa, na haikufutwa kwa wiki nzima.

Sasa nawaomba mnivumilie, maana nakuja kwenye makosa yangu. Siku tatu kabla ya hapo, Jumanne tarehe 4, niliandika mstari mmoja chini kabisa ya ubao: "Mapigano mashariki ya Kongo." Basi. Vita ile ilianza tarehe 2 Agosti, na baadaye iliingiza majeshi ya Rwanda, Uganda, Angola, Zimbabwe na Namibia. Mwezi Julai nako niliwahi kuandika habari ya njaa ya Bahr el Ghazal, Sudan, iliyoua watu wanaokadiriwa kufikia 70,000. Niliifuta ili nipate nafasi ya kuandika Ufaransa 3, Brazil 0. Hakuna aliyelalamika.

Desemba nilirudi nyumbani Kigoma kwa likizo. Nilimkuta nyumbani kwetu mjomba kutoka Fizi, ng'ambo ya ziwa, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi huko. Mama alimwambia kwa fahari kwamba mimi ndiye ninayeandika habari za dunia shuleni. Akaomba daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kama anasahihisha. Alipofika Agosti alikaa kimya, kisha akaniambia: "Mwanangu, tulipanda mtumbwi watu kumi na mmoja. Mtoto wa dada yangu alikuwa anaharisha tangu porini. Alikufa kabla hatujaona taa za Kigoma. Huyo utamwandika siku gani?"

Sikuwa na jibu. Miaka mingi baadaye, nikiwa Chuo Kikuu, nilisoma hesabu ya shirika la International Rescue Committee: watu 5,400,000 walikadiriwa kufa Kongo kutokana na vita na athari zake, kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007. Wako wataalamu wanaosema hesabu hiyo ni kubwa mno, na mabishano yao ni halali. Lakini wote wanakubaliana kwamba wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa malaria, kuhara, vichomi na kukosa chakula, mmoja mmoja, wakikimbia.

Mimi leo ni mtumishi wa Serikali, na sehemu ya kazi yangu ni kupokea taarifa za maafa kutoka wilayani. Safu ya kwanza ya fomu yetu ni tarehe ya tukio. Basi likipinduka, fomu hufika kesho yake. Kijiji kikiishiwa chakula, afisa hukaa na fomu asijue aandike tarehe ipi. Mwaka fulani nilimrudishia mmoja fomu yake kwa sababu safu hiyo ilikuwa tupu. Ilinirudia baada ya wiki tatu, tarehe imejazwa, na idadi ya wagonjwa imeongezeka mara mbili. Tangu hapo sirudishi. Napiga simu.

Daftari nimekuja nalo, na leo asubuhi nimemkabidhi Ndugu Mkuu wa Shule liwekwe maktaba. Vijana mtakaolisoma mtaona mstari ule wa tarehe 4 Agosti ulivyo mfupi; nimeuacha kama nilivyouandika. Jina la mtoto yule nalo limo, ndani ya jalada la nyuma. Mjomba hakukumbuka tarehe, nami sikujua niliweke ukurasa gani.