Msanii akifa barabarani, sisi tunasema nini?

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Ngombezi, Korogwe)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya pombe na barabara. Naona wengine mmeshaanza kupiga miayo: "Tumeanza tena, pombe mbaya, pombe mbaya." Subirini kidogo. Leo sitaanzia kwenye chupa. Nitaanzia kwenye msiba, hasa yale maneno tunayoyasema msibani. Maana maneno yale nayo yanaweza kuua.

MSIBA WA MUHEZA

Usiku wa Novemba 26, 2012, msanii Hussein Ramadhani Mkiety, yaani Sharo Milionea, alikuwa anaendesha gari kutoka Dar es Salaam kwenda kwao Muheza. Alikuwa peke yake. Alishapita Segera, njia mnayoijua ninyi nyote. Alipofika eneo la Maguzoni, Songa, gari liliacha njia na kupinduka. Akafa pale pale. Alizikwa kijijini kwao Lusanga, na watu waliofurika siku ile hawakuhesabika.

Wengi wenu mlikuwa wachanga au hamjazaliwa, lakini vichekesho vyake na King Majuto mmeviona. Alikuwa kijana wa mkoa wetu huu huu wa Tanga.

Sasa nataka tueleweke vizuri. Sisemi kwamba Sharo alikuwa amekunywa. Sina haki ya kusema hivyo, na wewe huna. Namtaja kwa sababu nyingine: namna sisi, watu wa kawaida, tulivyopokea kifo chake.

Kwanza, magazeti yaliripoti kwamba kabla msaada haujafika, watu waliofika pale walimwibia marehemu. Walichukua simu na mali nyingine, hata nguo. Nchi nzima ilishtuka. Watu waliuliza, hivi sisi ni binadamu wa namna gani?

Pili, uvumi ulianza. Aprili ya mwaka ule ule, Steven Kanumba alikuwa amefariki dunia, na mitaani zilikuwa zimeshajaa habari za freemason. Sharo alipofariki, uvumi ukapata mafuta mapya. Eti ametolewa kafara. Eti amerogwa kwa sababu ya umaarufu. Vijana walikesha wanabishana.

Tatu, wazee wetu wakasema kama wanavyosema siku zote: "Ajali haina kinga."

Hebu angalieni mambo hayo matatu: kuiba, kuvumisha, na kukata tamaa. Katika yote, hakuna hata moja linalomsaidia kijana mwingine atakayepita njia ile kesho yake.

DIANA NA YULE DEREVA

Tutoke Tanga kidogo. Usiku wa kuamkia Agosti 31, 1997, mjini Paris, Ufaransa, gari liligonga nguzo ndani ya handaki la Alma. Ndani yake alikuwamo Diana, aliyekuwa mke wa Charles, ambaye sasa ndiye Mfalme wa Uingereza. Alikufa yeye, rafiki yake Dodi Fayed, na dereva Henri Paul. Mlinzi mmoja alinusurika.

Dunia ililia. Maua yaliyowekwa nje ya makazi yake London yalikuwa kama shamba. Na baada ya machozi, uvumi ukaja: ameuawa, kuna njama, wakubwa wanahusika. Miaka ikapita watu wanabishana.

Je, uchunguzi ulisema nini? Ulisema mambo ambayo hayana utamu wowote wa hadithi. Vipimo vya damu vilionyesha dereva alikuwa na pombe zaidi ya mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa Ufaransa. Gari lilikwenda kasi mno kwenye sehemu ya kilomita 50 kwa saa. Hakuna aliyekuwa amefunga mkanda. Mwaka 2008 baraza la wazee wa mahakama huko London lilitoa uamuzi wake: kifo kilitokana na uzembe mkubwa wa dereva huyo, pamoja na uzembe wa madereva wa magari yaliyokuwa yakiwafukuza. Likataja na pombe, likataja na mkanda. Njama haikuonekana.

Sasa sikilizeni jambo hili. Henri Paul alikuwa ameshatoka kazini jioni ile, akaitwa tena usiku. Kamera za hoteli zilimwonyesha akitembea sawasawa. Hakuyumba. Mtu aliyemwona angeweza kusema, "Huyu yuko fiti." Kumbe damu yake ilikuwa inasema mengine.

KWA NINI MLEVI HUJIONA MZIMA?

Hapa ndipo penye sayansi, na ninyi wa baiolojia mnaweza kunisahihisha.

Pombe haihitaji kusagwa kama ugali. Inapenya kwenye damu upesi na kufika kwenye ubongo baada ya dakika chache. Miongoni mwa vitu vya kwanza kulegezwa si miguu. Ni uamuzi, ile sehemu inayokwambia "hapana, hii ni hatari." Ndiyo maana mtu akiwa na chupa mbili huwa jasiri kuliko alivyokuja. Breki yake ya kwanza imeshakatika, na aliyetakiwa kuigundua ni yeye mwenyewe. Atajuaje?

Baada ya hapo macho yanachelewa, masikio yanachelewa, mkono unachelewa. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakwenda kama mita 22 kwa sekunde moja. Dereva akichelewa nusu sekunde tu kukanyaga breki, gari limeshakula mita 11. Hiyo ni karibu urefu wa basi zima. Mtoto akikatiza barabara kati ya mita hizo, basi tena.

Na je, dawa ya kuondoa ulevi ni nini? Wengine husema kahawa kali, wengine kuoga maji baridi, wengine supu ya pweza. Jamani, hakuna hata moja. Pombe huondolewa hasa na ini, na ini lina mwendo wake. Halikimbizwi. Chupa moja ya bia ya nusu lita ina kama gramu 20 za pombe. Kwa watu wengi ini huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe: chupa moja ni saa mbili au zaidi. Aliyekunywa chupa tano kati ya saa 3 na saa 6 usiku, saa 12 asubuhi anapowasha pikipiki bado ana pombe mwilini. Kahawa itamfanya awe mlevi aliyeamka.

Sheria ya Tanzania imeweka kikomo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi zishuke hadi 50, na kwa madereva vijana na wageni wa usukani 20 tu. Kwa nini vijana washushiwe zaidi? Kwa sababu mazoea ya barabara bado ni madogo. Ukichanganya ugeni na pombe, umepika mambo.

Na pombe ya kienyeji? Boha, mnazi na gongo havina karatasi ubavuni inayosema kuna pombe kiasi gani. Unakunywa bila kujua kipimo. Gongo yenyewe ni haramu kisheria. Vile viroba vya plastiki navyo vilipigwa marufuku Machi 2017, maana mwanafunzi aliweza kuficha kimoja kwenye soksi. Tena kumbukeni, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo wengi wenu hapa mjadala wa "ninywe ngapi" haupo. Jibu ni sifuri.

"AJALI HAINA KINGA"?

Turudi kwenye msemo wa wazee. Wazee wanausema ili kumtuliza mfiwa, na kwa kazi hiyo ni msemo mzuri. Mama aliyepoteza mtoto hahitaji hotuba ya polisi. Lakini tukiutoa msibani tukaupeleka barabarani, unakuwa sumu. Maana kama ajali haina kinga, kofia ngumu ya nini? Mkanda wa nini? Kumnyang'anya mlevi funguo kwa nini?

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani huua watu kama milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 ndizo zinazoongoza kwa kuua. Umri huo ni wenu. Na barabara yetu mnaifahamu. Februari 2023, katika wilaya hii ya Korogwe, eneo la Magila Gereza, gari la abiria lililobeba watu waliokuwa wakisafirisha maiti kwenda kuzika liligongana na lori. Watu wasiopungua 17 walikufa. Walikwenda kuzika, wakazikwa.

Sasa kuna jambo gumu nataka kuligusa. Katika mila zetu marehemu hasemwi vibaya. Kijana akifa kwa pikipiki akitoka kilabuni, kila mtu pale matangani anajua alikuwa amekunywa. Wenzake waliokuwa naye meza moja wanajua zaidi. Lakini hakuna anayelitamka. Tunasema "kazi ya Mungu," tunachimba kaburi, tunarudi. Jumamosi inayofuata, wale wale wanakaa meza ile ile, na wanapanda pikipiki wakiwa watatu.

Upande mwingine kuna wale wenye ulimi mkali. Msanii akifa, hata polisi hawajapima chochote, wameshahukumu: "Alikuwa amelewa huyo, amejitakia." Hawa nao hawasaidii. Mama wa marehemu anasoma maneno yale kwenye simu. Na yule kijana mlevi aliye hai hajirekebishi kwa kutukaniwa rafiki yake. Anakasirika, anakunywa zaidi.

Basi tufanyeje? Mimi nasema kuna njia ya katikati. Tutaje sababu, tusitukane mtu. Kama imethibitika kwamba ilikuwa pombe, tuseme ni pombe, kwa heshima, tena hasa sisi rafiki zake. "Tulimpenda. Alikuwa mcheshi. Siku ile alikunywa, nasi tukamwacha aendeshe. Tusimwache mwingine." Maneno hayo hayamvunjii marehemu heshima. Yanamfanya aokoe mtu. Na kama haijathibitika, tunyamaze, tusipike uvumi.

MAMBO UNAYOWEZA KUFANYA

Najua mtaniuliza, "Mwalimu, sisi hatuna magari." Ni kweli, lakini mnapanda. Mnapanda bodaboda kwenda Korogwe mjini, mnapanda Noah kwenda Handeni, mnapanda basi. Abiria naye ana uamuzi.

Dada, umetoka harusini usiku, dereva wa bodaboda ananukia. Anakwambia, "Panda sista, niko fiti." Huna haja ya kugombana naye. Mwambie, "Asante kaka, nimeahirisha, namsubiri mjomba." Halafu tafuta pikipiki nyingine, au lala hapo hapo kwa ndugu. Kama anakung'ang'aniza, rudi walipo watu. Aibu ya kukataa inaisha asubuhi. Mguu uliokatwa hauoti.

Kaka, rafiki yako amekunywa na anatafuta funguo. Usimhubirie, hatasikia. Zichukue funguo mapema, kabla chupa ya tatu haijafunguliwa, wakati bado mnaelewana. Mkubaliane kabla ya kwenda: nani leo hanywi? Huyo ndiye suka wa kurudi.

Uko kwenye basi na dereva anaonekana hayuko sawa? Mwambieni kondakta kwa sauti moja, msimwachie mtu mmoja ubishi. Asiposikia, pigeni polisi, namba ni 112, au semeni kwenye kituo cha ukaguzi kinachofuata.

Na ukikuta ajali imetokea, kumbuka Maguzoni. Usiguse mali ya mtu. Piga simu. Simamisha magari yanayokuja yasigonge tena. Anayetoka damu, bana jeraha kwa kitambaa safi. Usimvute majeruhi shingo wala kumkalisha kwa nguvu, isipokuwa kama moto unawaka au kuna hatari nyingine. Kama ni lori la mafuta, ondokeni mbali kabisa. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu. Moto ulipolipuka, waliokufa walizidi 100. Na simu yako yenye kamera, itumie kuita msaada. Picha ya maiti usiitume kwa mtu yeyote. Kuna nyumba ambayo bado haijapewa habari.

Ndugu wanafunzi, wasanii wataendelea kufa, kama sisi sote. Lakini siku msiba mwingine mkubwa utakapotangazwa redioni, na kijiweni watu wakaanza freemason na kafara, wewe uliza swali moja dogo: mwendo ulikuwaje, mkanda ulifungwa, na dereva alikuwa na hali gani? Watakuona huna utamu. Uliza tu.

 Sasa maswali.

JADILIANENI DARASANI

1. Je, ni vizuri kusema msibani kwamba marehemu alikuwa amekunywa? Nani aseme, na aseme lini?

2. Dereva wa bodaboda aliyelewa ni kaka yako wa tumbo moja. Utamkataliaje asiendeshe bila kumdhalilisha mbele ya wenzake?

3. Kwa nini watu hupenda uvumi kuliko sababu ya kweli? Toeni mfano kutoka kijijini kwenu, bila kutaja jina la mtu.

4. Piga hesabu: mtu amekunywa chupa tatu za bia hadi saa 4 usiku. Je, ungekubali akuendeshe saa 7 usiku? Eleza.