Uvimbe wa Mfupa Usoni na Ushahidi wa Wakati



Maradhi niliyoyachagua kuyanena leo huonekana kwa nadra, lakini hofu yanayoitia nyumbani hupita ukubwa wake. Nayo ni uvimbe mgumu uotao katika mifupa ya uso, usio saratani, ambao aghalabu hudhaniwa kuwa hukumu ya mauti au mkono wa hasidi.

Ndani ya wajihi wa mwanadamu Mwenyezi Mungu ameweka vyumba vya hewa, ambavyo matabibu huviita sainasi: viwili katika paji, viwili mashavuni, vingi vidogo baina ya macho vilivyopangana mithili ya sega la nyuki wa Handeni, na vingine nyuma kabisa, chini ya ubongo. Kila chumba kina tundu la kupitishia ute kuelekea puani. Na tundu hilo likizibwa, ute hujaa kama maji yanavyofurika katika mpunga wa Mombo mfereji uzibwapo na gogo.

Uvimbe huu ni wa namna tatu. Wa kwanza, osteoma, ni mfupa mtupu, mgumu kama pembe ya ndovu, upendao chumba cha paji. Wengi huishi nao hadi kufa pasipo kuujua, au huonekana kwa sadfa katika picha iliyopigwa kwa sababu nyingine. Wa pili, displasia ya nyuzi, hutokana na hitilafu iliyoingia katika seli kabla mtoto hajazaliwa, wala haurithiwi kwa baba wala kwa mama. Nyuzi hushika mahali pa mfupa, shavu likajaa polepole utotoni, na mara nyingi hutulia baada ya baleghe. Wa tatu, fibroma ya mfupa, hukaa zaidi tayani, huwapata wanawake kuliko wanaume, na usipotolewa wote huweza kurudi.

Nini basi kinachoutenga na ule mbaya? Shahidi wa kwanza ni wakati. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, tabibu Denis Burkitt alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Akaandika habari za maradhi hayo, saratani ya taya za watoto, mwaka 1958, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari maili 10,000, akapita Tanganyika akiuliza hospitali kwa hospitali, hata akabaini kuwa saratani ile hukaa penye joto na mvua, katika nchi za malaria kama bonde letu hili la Korogwe. Saratani ile hukua kwa siku na majuma, meno ya mtoto yakalegea. Nayo ikiwahiwa, dawa huiponya. Uvimbe ninaounena mimi huhesabu miaka.

Kwa hiyo mgonjwa aketipo mbele yangu, kwanza humwomba picha yake ya zamani, ya harusi au ya kitambulisho, nikaiweka kando ya uso wake. Ikiwa nundu ya juu ya jicho ilikuwapo miaka kumi nyuma, na nikiigusa kwa kidole ngozi yateleza juu yake nayo haitikisiki wala haiumi, moyo wangu huanza kutua. Lakini yakini hungoja picha ya siti-skani.

Osteoma ndogo isiyoudhi huachwa, ikaangaliwa tena baada ya muda. Ikiziba tundu, ikisukuma jicho au ikikaribia ubongo, hutolewa, ama kwa darubini ipitayo puani, ama kwa kupasua paji. Na mwenye osteoma nyingi achunguzwe utumbo mpana, kwa kuwa yapo maradhi ya ukoo, yaliyoelezwa na Eldon Gardner wa Marekani, ambamo mifupa hutangulia kutoa habari za vinyama vya utumboni vigeukavyo saratani.

Ndugu zangu, msikubali uvimbe mgumu uchanjwe au uchomwe kwa moto, wala jino zima ling'olewe kwa dhana. Anzieni hospitali ya Magunga au ya Handeni, mkaombe rufaa ya Bombo, Tanga, au ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Mwenye mtoto ambaye taya lake limevimba kwa majuma, aondoke leo. Mwenye nundu ya miaka, aje kwa utulivu, na picha yake ya zamani mkononi.