MOSHI WA DIZELI NA PAFU LA MFANYA KAZI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Sisi tuliotumwa kusema nanyi leo si madaktari. Tulisoma shule ya misheni, tukaishia hapo, tukaingia reli. Lakini kusoma twajua, na kuhesabu twajua, na jambo tulilokuja nalo halitaki zaidi ya hayo. Twataka kusema habari ya moshi.

Kila mmoja wetu aujua moshi wa dizeli. Injini ikiwashwa alfajiri ndani ya shedi, milango ikiwa bado imefungwa kwa sababu ya baridi, moshi hupanda ukagonga mabati, kisha ukaturudia sisi chini. Jioni tukipenga kamasi, kitambaa huwa cheusi. Tukikohoa twaambiwa ni mafua, au ni vumbi. Basi twanywa maziwa, maana tuliambiwa kwamba maziwa huosha kifua, na kesho yake twarudi kazini. Ndugu, maziwa huenda tumboni, na masizi yamo mapafuni. Hayakutani.

Sikilizeni sasa yaliyopatikana huko Marekani. Mwaka 2004 ilichapwa habari ya uchunguzi wa Daktari Eric Garshick wa Boston na wenzake. Hawakuchunguza panya. Walichunguza watu wa reli, kama sisi. Walichukua wafanya kazi 54,973 wa reli za Marekani, wakafuata habari zao tangu 1959 hata 1996, yaani miaka 38. Walianzia 1959 kwa kuwa wakati huo injini za mvuke zilikuwa karibu zimekwisha kule, na treni nyingi sana zilikuwa zikivutwa kwa dizeli. Wakahesabu nani amekufa, na kwa ugonjwa gani. Waliokufa kwa kansa ya mapafu walikuwa 4,351.

Kisha wakalinganisha. Upande mmoja waliwaweka madereva, makondakta na watu wa breki, ambao kazi yao ni kwenda na treni. Upande wa pili waliwaweka makarani na wengine wasiokaa karibu na moshi. Hesabu yao ilikuwa hivi: ikiwa kansa ya mapafu iliua watu 10 upande wa makarani, basi upande wa watu wa treni, kwa umri ule ule na idadi ile ile, iliua watu 14.

Mtu atauliza, je, si sigara hizo? Swali hilo ni la haki, na wachunguzi wenyewe waliliuliza. Walipoitia sigara katika hesabu, tofauti ilipungua, lakini haikwisha. Tena mwaka 2012 ulichapwa uchunguzi mwingine wa Marekani, wa wachimba migodi 12,315 waliofanya kazi na mashine za dizeli. Wenye migodi walikwenda mahakamani kudai karatasi za uchunguzi huo kabla hazijachapwa. Zilipotoka zilionyesha kwamba waliovuta moshi mwingi sana chini ya ardhi walikuwa na hatari kama mara tatu kuliko wale waliovuta kidogo. Na hatari hiyo ilionekana hata kwa wasiogusa sigara maishani mwao.

Liko Shirika la Kimataifa la Uchunguzi wa Kansa, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, na makao yake ni Lyon, Ufaransa. Mwaka 1988 shirika hili lilisema kwamba moshi wa dizeli yaelekea unaleta kansa kwa binadamu. Juni 2012 liliondoa neno "yaelekea". Likasema unaleta. Tangu neno la kwanza hata la pili ilipita miaka 24. Kijana aliyeanza kazi shedini mwaka ule wa kwanza alikuwa ameuvuta moshi miaka 24 akingoja wakubwa wakate shauri. Na kansa hii haina haraka. Moshi wa leo waweza kuleta ugonjwa baada ya miaka ishirini au zaidi, wakati mtu amekwisha staafu yuko shambani kwake, wala hakuna amkumbukaye.

Kwa nini moshi huu ni mbaya hivyo? Masizi yake ni punje ndogo mno, ndogo kuliko unene wa unywele mara nyingi sana. Vumbi kubwa hunaswa puani, lakini punje hizi hupita zikafika ndani kabisa ya pafu, na juu yake zimebeba sumu zinazotoka katika mafuta yaliyoungua. Kitambaa tunachojifunga usoni hakiwezi kuzizuia.

Sasa ndugu, liko jambo moja ambalo twaomba mlishike kuliko yote. Wale wachunguzi walijuaje nani alikuwa dereva na nani karani tangu 1959? Walijua kwa sababu ofisi ya malipo ya uzeeni ya watu wa reli wa Marekani iliandika kila mwaka kazi ya kila mtu. Bila daftari zile, vifo vile vingekuwa vilio vya nyumba moja moja tu. Tena oneni: watu wa karakana wa Marekani hawakuhesabika vizuri. Waliofanya kazi katika moshi na wale wasioujua moshi waliandikwa kwa jina lile lile la kazi, basi haikuwezekana kuwatenganisha. Daftari mbovu iliwaficha.

Na sisi je? Mwenzetu akiugua leo, ni nani atakayeweza kuonyesha kwamba alikaa miaka kumi na mitano katika shedi?

Kwa hiyo twaleta maombi manne.

Kwanza, kila mwanachama awe na daftari yake mwenyewe. Aandike mwaka, mahali, kazi, na kama injini huwashwa ndani. Aiweke nyumbani, na mkewe ajue ilipo.

Pili, injini isiachwe ikinguruma bure ndani ya jengo. Itolewe nje, au bomba la kuvuta moshi lifungwe juu yake. Mafuta yenyewe yamekwisha kuwa bora, maana tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli iwe na salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Lakini mafuta safi katika chumba kilichofungwa bado ni moshi.

Tatu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Sheria hiyo hiyo yamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamika juu ya hatari ya afya yake. Wajumbe wetu walitie jambo la moshi katika ajenda ya mkutano ujao, na jibu liandikwe.

Nne, wenye kuvuta sigara, twawasihi mwache. Sigara na dizeli ni maadui wawili, na huyu mmoja twaweza kumfukuza leo bila ruhusa ya mtu.

Ndugu, hatukuja kuwatia hofu. Si kila akohoaye ana kansa, na si kila dereva ataugua. Lakini wenzetu wa Marekani walihesabiwa baada ya kufa. Sisi na tujihesabu wenyewe tungali hai. Mkononi mwa kila mmoja hapa ipo kalamu, na daftari si ghali. Tuanze usiku huu.