Shamba la Marehemu Haligawanywi kwa Maneno Matupu



Leo napenda kuwaeleza jambo linalogusa nyumba nyingi huku kwetu, penye chai na penye kahawa. Nalo ni shamba ambalo mwenyewe amekwisha kufariki, lakini hati yake ingali ina jina lake.

Yafaa tukumbuke asili ya jambo hili. Katika miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, vipande vya ardhi vilivyotawanyika katika nchi ya Wakikuyu vilikusanywa pamoja. Kila shamba lilipimwa, likapewa nambari, na likaandikwa katika daftari, mara nyingi kwa jina la mtu mmoja tu, yaani baba wa nyumba. Baba huyo alipofariki, wanawe waligawana kwa maneno: huyu juu ya njia, yule upande wa mto. Wakapanda, wakajenga, wakazaa. Lakini daftari la serikali halikuyasikia maneno yao. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria ya Urithi ilitungwa mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kwa aliyefariki kabla ya siku hiyo, mgawanyo hufuata sheria na mila za wakati ule, ila usimamizi wa mali yake hufuata Sheria hii. Katika Sheria hii yako mambo matatu ambayo kila jamaa yapaswa kuyajua.

Kwanza, mtu asiye na idhini ya sheria haruhusiwi kuuza wala kujitwalia mali ya marehemu. Kifungu cha 45 chasema kwamba afanyaye hivyo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Basi wewe unayetaka kununua robo ekari kwa mwana wa marehemu, fahamu kwamba yeye hana cha kukuuzia. Fedha zako zitakwenda, na wewe utabaki na karatasi isiyo na nguvu.

Pili, ikiwa marehemu hakuacha wosia, mjane wake ana haki ya kuitumia mali maishani mwake, lakini hata yeye hawezi kuuza ardhi bila idhini ya mahakama. Baada yake watoto wote hupata sawasawa, mwana na binti, aliyeolewa na asiyeolewa. Mwaka 2005, katika shauri la Rono, Mahakama ya Rufaa ilikataa mabinti wapewe ekari chache kwa hoja kwamba wataolewa. Na kama marehemu alikuwa na wake wengi, mali hugawanywa kwanza kwa nyumba, kwa kufuata hesabu ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai huhesabiwa pamoja nao.

Tatu, msimamizi wa mirathi si mwenye mali. Ndugu mkubwa akipewa hati ya usimamizi, amepewa kazi, hakupewa shamba. Hawezi kuuza ardhi wala kuigawa mpaka mahakama iithibitishe hati hiyo.

Njia yenyewe ni hii. Chukueni cheti cha kifo. Mwendeeni chifu awape barua yenye majina ya warithi wote, asiachwe hata mmoja. Tafuteni katika ofisi ya ardhi uthibitisho wa jina lililoandikwa. Kisha pelekeni maombi mahakamani. Mahakimu nao waweza kusikiliza mirathi isiyozidi kiwango cha thamani walichowekewa. Iliyozidi huenda Mahakama Kuu. Tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Hati ikisha kutolewa, kwa kawaida hungojwa miezi sita ndipo ithibitishwe. Hapo ndipo mpimaji aitwe, na kila mrithi apate hati yenye jina lake mwenyewe.

Nanyi wazee mlio hai, msiwaachie watoto kesi. Andikeni wosia mbele ya mashahidi wawili, nao watie sahihi. Wala shahidi asiwe mmoja wa wanaopewa mali. Wosia wa mdomo pia hukubaliwa, ukisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini huwa na nguvu tu kama msemaji akifariki ndani ya miezi mitatu. Mzee aliyeonyesha mipaka kwa fimbo yake, kisha akaishi miaka kumi, hakuacha wosia.

Ndugu walionyonya ziwa moja wasifike kuoneana uadui kwa sababu ya mistari ya chai. Kaeni pamoja, mkiitana wote, na binti aliyeolewa mbali naye aitwe. Kisha nendeni mahakamani mkiwa na neno moja.