Uyoga wa mapukutiko: sura ya nyumbani, sumu ya ugenini



Hapa Ujerumani msimu wa mapukutiko ndio wakati wa uyoga. Ardhi imelowa kwa mvua za rasharasha, baridi kali bado haijaingia, na wenyeji wengi huchukua vikapu na visu vidogo wakaingia misituni. Sisi tunaoishi mjini Bonn hatuna haja ya kwenda mbali, kwani msitu wa Kottenforst, maarufu kwa mialoni yake, uko kando tu ya mji.

Miongoni mwa wanaoinama chini ya miti ya Ulaya wamo pia watu wa kwetu. Mtu aliyekulia Iringa, Songea au Katanga hahitaji kufundishwa kwamba uyoga ni chakula. Lakini hapo ndipo penye hatari ninayotaka kuizungumzia leo. Ugenini, anayeujua vyema uyoga wa kwao huenda akawa hatarini kuliko yule asiyejua uyoga kabisa. Asiyejua huogopa na kupita. Anayejua huinama na kuchuma.

Tuanze na nyumbani. Katika misitu ya miombo watu hula aina nyingi za uyoga. Uko unaoota juu ya vichuguu vya mchwa, na uko ule wa rangi ya manjano unaouzwa kandokando ya barabara mvua zinapoanza. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Tanzania, walichapisha kitabu kizima kuhusu uyoga wa Tanzania, na sehemu kubwa ya elimu iliyomo ilitoka kwa wanavijiji wenyewe. Miongoni mwa uyoga unaoliwa kwenye miombo zimo aina za jamii ambayo wanasayansi huiita Amanita. Nyingine zina kofia nyeupe au ya rangi hafifu, kurasa nyeupe chini ya kofia, pete shinani, na kifuko chini kabisa mahali shina linapoingia udongoni. Ni kitoweo cha heshima.

Sasa turudi Kottenforst. Chini ya mwaloni huota uyoga wenye kofia ya kijani iliyochanganyika na manjano, pengine iliyopauka hata kukaribia weupe. Kurasa zake ni nyeupe. Shina lina pete, na chini lina kifuko. Jina lake ni Amanita phalloides, ndugu wa damu wa ule wa miombo, nao ndio unaosababisha vifo vingi zaidi vya sumu ya uyoga duniani. Kofia moja tu yaweza kumuua mtu mzima.

Haya si maneno ya kutishana. Katika msimu wa mapukutiko wa mwaka 2015, wakimbizi wengi walipokuwa wamewasili Ujerumani, hospitali ya Chuo Kikuu cha Tiba cha Hannover iliwapokea wakimbizi kadhaa waliokula uyoga huo, wengi wao kutoka Syria. Waliudhani ni ule walioujua kwao. Matangazo ya tahadhari yakachapishwa kwa lugha kadhaa, zikiwemo Kiarabu na Kikurdi.

Ubaya wa sumu hii ni kwamba haina haraka. Waliopona wamesimulia kuwa ladha ya uyoga ilikuwa nzuri. Saa 6 hadi 24 hupita bila dalili yoyote, ndipo huja kutapika na kuharisha kukali. Baada ya siku moja au mbili mgonjwa huhisi nafuu, na jamaa humshukuru Mungu. Kumbe sumu imo ndani ya ini, inazizuia seli zisitengeneze protini zinazozihitaji ili kuishi. Ini linapoharibika kabisa, tiba inayobaki ni kupandikizwa ini la mtu mwingine.

Wala tusidanganywe na kanuni za mitaani. Husemwa kwamba uyoga ulioliwa na konokono ni salama. Si kweli, konokono huula huu wa sumu wala hawadhuriki. Husemwa kwamba kijiko cha fedha au kitunguu kikipikwa pamoja nao hubadilika rangi. Si kweli. Husemwa kwamba kuchemsha na kumwaga maji huondoa sumu, au kuanika juani. Hata hayo, kwa uyoga huu, si kweli.

Basi hutambuliwaje? Washauri wa uyoga hufundisha kwamba usioujua usiukate kwa kisu, bali uuchimbe mzima, kwani kifuko kile cha hatari hufichika udongoni, na akataye juu huacha ushahidi chini. Tazama chini ya kofia kama kuna kurasa, au kitu mfano wa sifongo, kama ilivyo kwa Boletus edulis, uyoga upendwao mno hapa. Unuse. Angalia umeota karibu na mti gani. Ukifika nyumbani, iweke kofia juu ya karatasi, uifunike kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi utaona vumbi lake. La uyoga wa dukani, wenye kofia nyeupe na kurasa za waridi, ni la rangi ya kahawia iliyokolea. La yule muuaji ni jeupe.

Hata hivyo alama moja haitoshi, na uzoefu peke yake si kinga. Mwandishi Mwingereza Nicholas Evans alichuma uyoga huko Scotland mwaka 2008, akaupika na kuula pamoja na mkewe na jamaa zao. Ulikuwa wa aina nyingine, ile inayoua figo. Mwaka 2011 alipandikizwa figo aliyopewa na binti yake.

Kwa bahati njema, Ujerumani ina desturi ya kusaidiana katika jambo hili. Chama cha wataalamu wa uyoga, kilichoasisiwa mwaka 1921, huwapa mtihani washauri, na aghalabu mshauri hukikagua kikapu chako bila malipo. Ukishaula na kupatwa na wasiwasi, usingoje dalili. Nenda hospitali mara moja, au upige simu kituo cha ushauri wa sumu. Hapa Bonn kimo katika hospitali ya chuo kikuu. Chukua mabaki ya uyoga, hata maganda yaliyotupwa jaani.

Wahenga walinena kuuliza si ujinga. Bibi zetu waliujua uyoga kwa kuwa walizaliwa penye msitu ule, wakaoneshwa na mama zao, mmoja baada ya mwingine, miaka nenda miaka rudi. Elimu hiyo ni ya kweli, ila ni ya pale. Mtu huhama na lugha yake, huhama na mapishi yake, lakini msitu haukunjwi ukatiwa mkobani. Tuingiapo misitu ya wenzetu, tuwe tayari kuwa wanafunzi upya.