Kuandika Majengo ya Zamani

Leo tunatembea Kivukoni. Chukueni daftari, kalamu na futi kamba.

Tuanze na Boma la Kale, karibu na bandari. Lilijengwa siku za Sultani Majid, mnamo mwaka 1867, kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Tia mkono wako dirishani uone unene wa ukuta. Kisha andika: jina, mwaka, vifaa, nyufa zilipo, na nani anatumia jengo.

Kwa nini tujisumbue? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Haya, fanyeni hesabu. Boma limepitwa kwa miaka 4! Kanisa la Azania Front, ambalo Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1898, liko mbali zaidi. Majengo kama hayo hulindwa pale tu Waziri anapoyatangaza. Naye atatangazaje jengo ambalo hakuna aliyeliandika?

Sasa twende Kariakoo. Mnaijua nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Wataalamu hupenda kuanza na majumba ya mawe. Mimi nasema anzeni na hii, maana inabomolewa upesi kupisha maghorofa. Lakini kabla ya kupima, pigeni hodi, mweleze mwenye nyumba shida yenu, asije akadhani mmetumwa na watu wa kodi.

Juma lijalo kila mmoja alete nyumba moja daftarini.