Kalenda ya Mbwa Jike: Mazungumzo kuhusu Siku za Joto na Kufunga Kizazi

Yafuatayo ni matini ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi, hususan wakazi wa Manispaa ya Sumbawanga na wa vijiji vya nyanda za juu za Ufipa, Mkoa wa Rukwa.



Mkulima wa Ufipa ni mtu wa kalenda. Anajua kwamba mvua huanza kwenye mwezi wa Novemba na kukoma kwenye mwezi wa Aprili, na kwamba baridi ya Juni na Julai haina mzaha. Akiwa na ng'ombe, anajua ni lini alipandwa na ni lini anatarajiwa kuzaa. Lakini mnyama mmoja aliyemo katika boma lilelile hahesabiwi siku zake na mtu yeyote. Mnyama huyo ni mbwa jike. Mwenyewe hushtukia tu tumbo limekuwa kubwa, kisha watoto watano au sita wamezaliwa nyuma ya ghala, na hapo ndipo swali linapoulizwa: watapelekwa wapi?

Majibu ya swali hilo yanafahamika na watu wengi, ijapokuwa hayasemwi hadharani. Wako wanaowatia watoto wa mbwa katika gunia na kuwatupa kando ya barabara au katika korongo. Wako wanaowaacha wakue wenyewe, wakawa mbwa koko wasiokuwa na mwenyewe wala chanjo. Yote hayo hufanywa baada ya jambo kuharibika. Shabaha ya mazungumzo haya ni kueleza kwamba jambo lenyewe linaweza kuzuiwa mapema, kwa kujua siku za joto za mbwa jike, na pale inapowezekana kwa kumfanyia upasuaji wa kufunga kizazi.

Siku za joto na vipindi vyake

Neno "joto" hapa linatumika kwa maana ileile wanayoitumia wafugaji wa ng'ombe, yaani wakati ambapo mnyama jike yuko tayari kupandwa. Mbwa jike hupata joto la kwanza akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 12, na wale wenye maumbo makubwa huweza kuchelewa hata kufikia mwaka mmoja na nusu au zaidi. Baada ya hapo, joto hurudi kila baada ya miezi 6 au 7 kwa wastani. Wako wanaorudia mapema zaidi, na wako wanaokaa mwaka mzima. Mbwa wa asili ya Kongo ajulikanaye duniani kwa jina la Basenji, kwa mfano, kwa kawaida hupata joto mara moja tu kwa mwaka. Kwa mbwa walio wengi, joto halifuati masika wala kiangazi. Kwa hiyo kalenda ya shamba haiwezi kumsaidia mwenye mbwa. Inambidi aandike kalenda ya mbwa wake mwenyewe.

Mzunguko huo una vipindi vinne. Katika kipindi cha kwanza, kinachochukua siku 9 kwa wastani, uke wa mbwa huvimba na kutoa majimaji yenye damu. Madume humfuata, lakini yeye huwakatalia, akiketi chini au akiwabwekea. Katika kipindi cha pili, ambacho nacho huchukua siku 9 hivi, damu hupungua na majimaji hugeuka kuwa na rangi hafifu mfano wa maji ya majani makavu. Hapo mbwa hugeuza mkia upande na kumkubali dume. Kipindi cha tatu huchukua miezi miwili hivi, akiwa na mimba au asiwe nayo, kwa kuwa homoni zinazotawala mwilini ni zilezile. Ndiyo maana mbwa asiye na mimba huweza kujaa maziwa na kutengeneza tandiko kama anayetarajia kuzaa. Kipindi cha nne ni cha mapumziko, nacho huendelea kwa miezi kadhaa.

Ikumbukwe kwamba hizo ni siku za wastani. Mbwa mmoja huweza kumaliza kipindi cha kwanza kwa siku 3, na mwingine akakaa hata wiki tatu. Mbwa akishika mimba hubeba kwa siku 63 hivi.

Makosa yaliyozoeleka

Kosa la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote, ni kudhani kwamba damu ikikatika hatari imekwisha. Ukweli ni kinyume chake. Kupungua kwa damu ndiyo dalili kwamba siku za kupandwa zimewadia. Mwananchi aliyemfungia mbwa wake kwa siku 10 na kumfungulia alipoona damu imekwisha, amemfungulia siku ile ambayo hasa hakupaswa kumfungulia.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kamba inatosha. Mbwa jike aliyefungwa mtini nje ya nyumba hawezi kuwafuata madume, lakini madume wanaweza kumfuata yeye, na harufu yake huwafikia walio mbali. Anayetaka kumkinga hana budi kumweka ndani ya chumba au banda lenye mlango madhubuti tangu tone la kwanza la damu hadi wiki tatu kamili zipite, na wiki ya nne ikiongezwa ni bora zaidi. Akitolewa nje kwa haja, ashikwe mkononi na mtu mzima.

Kosa la tatu ni kuwapiga au kuwamwagia maji ya moto mbwa walioshikana. Kushikana huko ni maumbile yao, na huweza kuchukua nusu saa. Kuwatenganisha kwa nguvu huwajeruhi wote wawili na hakuzuii mimba. Isitoshe, mbegu za dume huweza kuishi ndani ya mwili wa jike kwa muda wa wiki nzima zikisubiri mayai yapevuke, na mbwa jike mmoja huweza kuzaa kwa mkupuo mmoja watoto wa madume mbalimbali.

Maradhi ya kizazi

Mbwa jike ambaye kizazi chake hakijafungwa hukabiliwa na maradhi ambayo wengi hawayajui. La kwanza ni usaha katika mfuko wa uzazi. Ugonjwa huu hutokea aghalabu mwezi mmoja au miwili baada ya joto, hasa kwa mbwa mwenye umri mkubwa. Mbwa hunywa maji kupita kiasi, hukataa chakula, hutapika, tumbo huvimba, na pengine hutokwa na usaha ukeni. Lakini ikiwa mlango wa kizazi umejifunga, hakuna kinachoonekana nje. Mara nyingi mwenyewe hudhani mbwa amelishwa sumu na jirani. Ugonjwa huu huua, na tiba yake ya kutegemewa ni upasuaji wa haraka. Utafiti uliofanywa nchini Sweden ulionyesha kwamba karibu robo ya mbwa majike wasiofungwa kizazi waliugua kabla ya kutimiza miaka 10.

La pili ni uvimbe wa matiti, ambao nao una uhusiano na homoni za mzunguko wa joto.

Aidha, inafaa kutoa tahadhari kuhusu sindano za homoni zinazotumiwa kuzuia joto. Sindano hizo, zikitolewa bila ya uchunguzi na kwa wakati usiofaa, huweza zenyewe kuleta ugonjwa wa usaha uliotajwa hapo juu. Mwananchi asikubali mbwa wake achomwe sindano ya namna hiyo na mtu asiyekuwa daktari wa mifugo.

Upasuaji wa kufunga kizazi

Kufunga kizazi kwa mbwa jike maana yake ni kuondoa vifuko viwili vya mayai, na kwa kawaida pamoja na mfuko wa uzazi, mbwa akiwa amelala kwa dawa ya nusukaputi. Baada ya hapo hapati joto tena, hashiki mimba tena, na ugonjwa wa usaha haumpati tena iwapo vifuko vyote vimeondolewa.

Mbwa huweza kufanyiwa upasuaji huu akiwa na umri wa miezi 6 hivi. Aliyekwisha kupata joto ni vyema asubiri miezi miwili au mitatu baada ya joto kwisha, kwa kuwa wakati wa joto mishipa ya damu ya kizazi huwa imejaa na hatari ya kutokwa na damu huongezeka. Hapa tena ndipo faida ya kuandika tarehe inapoonekana. Kabla ya upasuaji mbwa hunyimwa chakula kwa saa ambazo daktari ataelekeza. Baada yake hukaa siku 10 hadi 14 bila kukimbia, bila kulowa, na bila kuachiwa alambe nyuzi. Kwa wakazi wa Ufipa, ambako mji wa Sumbawanga wenyewe uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, ni lazima mbwa aliyepasuliwa alale ndani, juu ya gunia au majani makavu, hasa katika miezi ya baridi.

Upasuaji huu ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Si kazi ya fundi wa kuhasi mafahali, hata akiwa na uzoefu wa miaka mingi, kwa sababu viungo vinavyoondolewa vimo ndani ya tumbo.

Wako wanaohofia kwamba mbwa aliyefungwa kizazi hataweza tena kulinda nyumba. Hofu hiyo haina msingi. Mbwa huendelea kubweka na kulinda kama kawaida. Kweli ni kwamba huweza kunenepa, hivyo chakula chake kipimwe, na kwamba wachache hupata tatizo la kuvuja mkojo wanapozeeka. Ni haki ya mwenye mbwa kuelezwa mambo hayo kabla ya kukubali.

Uhusiano wake na kichaa cha mbwa

Pengine mtu atauliza: mambo ya kizazi cha mbwa yanaihusu vipi Serikali? Jibu ni kichaa cha mbwa. Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa, karibu hakuna anayepona.

Mbwa jike aliye katika joto hukusanya madume kutoka vitongoji mbalimbali. Madume hao hupigana na kung'atana. Akiwamo mmoja mwenye kichaa, ugonjwa hugawiwa kwa kundi zima, na kila mmoja hurudi nao kijijini kwake. Vilevile, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Lakini katika kijiji ambacho mbwa huzaana ovyo na kufa ovyo, waliochanjwa leo hupungua na wasiochanjwa huzaliwa kila mwezi, hata kazi ya chanjo ikawa sawa na kujaza maji kwenye mtungi uliotoboka.

Ieleweke wazi kwamba kufunga kizazi si badala ya chanjo. Kinachokomesha kichaa cha mbwa ni chanjo, na mfano uliopo ni kisiwa cha Pemba. Huko, baada ya mbwa wa kisiwa kizima kuchanjwa kila mwaka kuanzia mwaka 2010, ugonjwa ulikoma ilipofika Mei 2014. Chanjo ilipolegea, ugonjwa uliingia tena mwishoni mwa mwaka 2016. Chanjo iliporudishwa, ukakoma tena mwezi wa Oktoba 2018. Pemba imezungukwa na bahari na bado ugonjwa uliingia mara ya pili. Ufipa haina bahari ya kuilinda. Mbwa hushuka na wachungaji hadi bonde la Ziwa Rukwa upande mmoja, na hufuata njia za wavuvi hadi Ziwa Tanganyika upande mwingine. Kwa sababu hiyo, chanjo na udhibiti wa kuzaana havina budi kwenda pamoja.

Hali kadhalika, kuwaua mbwa koko kwa risasi au sumu hakujawahi kuwa dawa ya kudumu. Wanaobaki huzaa na kujaza nafasi. Kuhasi madume peke yao nako hakutoshi, kwa kuwa dume mmoja aliyesalia anaweza kupanda majike wengi.

Wajibu wa kila mmoja

Kwa kuzingatia yaliyoelezwa, kila mwananchi mwenye mbwa jike anaombwa aandike tarehe ya tone la kwanza la damu, kwenye kalenda ya ukutani au daftari la mtoto wa shule, na amfungie mbwa wake kwa muda ulioelezwa. Anaombwa pia awapeleke mbwa wake wote kwenye chanjo, wakiwamo watoto wa mbwa na majike wenye mimba, kwani wengi huwaacha nyumbani bila sababu.

Kwa upande wao, watendaji wa kata na vijiji na maofisa mifugo wanaombwa kuorodhesha mbwa majike wa maeneo yao. Daktari wa mifugo hawezi kufunga safari kwa ajili ya mbwa mmoja wa Laela, na mkazi wa Laela hawezi peke yake kulipia safari hiyo. Lakini majike 20 wakikusanywa siku moja katika kijiji kimoja, kazi huwa nyepesi na gharama hugawanyika.

Ikiwa watoto wa mbwa wamekwisha kuzaliwa, wasitupwe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamkataza mtu kumtesa mnyama. Wapatiwe wenyewe wa kuwalea, na wachanjwe.

Mwisho, mtu yeyote akiumwa na mbwa, jeraha lisafishwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo bila ya kusubiri dalili. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili ufa wenyewe ni wiki tatu au nne tu, mara mbili kwa mwaka, na kila mwenye mbwa jike anaweza kuuziba kwa mlango na kalenda hata kabla daktari hajafika.